Gari Lililombembeleza Mtoto

Habari yenyewe ililetwa na mteja aliyekuja kupunguza kiuno cha suruali. Alisema, huku akijibana kitambaa kwa vidole kuonyesha pa kukata, kwamba kuna gari limelaza watu. Halikugonga mtu, halikupinduka. Limewalaza tu. Waliingia wakafunga vioo wakisubiri mvua ipite, wakafungulia redio, na mvua ilipokatika aliyekuwa bado anaongea mle ndani ni mtangazaji peke yake.

"Na lilikuwa limekatwa sailensa," akaongeza mteja. "Linanguruma, unalisikia kabla hujaliona."

Cherehani ya Bi Mashaka ikasimama. "Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani hao?"

"Watu tu, mama. Na hicho kiuno usikibane sana, nina mpango wa kula."

Mteja akaenda zake, habari ikabaki. Bi Mashaka hakuwa mtu wa kupokea habari akaiweka chini. Hata jina hilo alipewa na majirani kwa tabia yake: mvua ikinyesha aliogopea paa, isiponyesha aliogopea kisima, na mambo yakiwa shwari ndipo alipoogopa zaidi, maana hakujua balaa litatokea upande gani. Akaenda kuulizia. Muuza mkaa alimwambia waliolazwa ni mke na mume. Mwenye duka alisema ni walevi wanne. Kinyozi aliapa kwamba gari lile lina jini, lilitapeliwa kwa mjane. Kila mdomo na lake. Lakini katika midomo yote jambo moja halikubadilika: bomba la moshi lilikuwa limekatwa.

Na bomba la gari la mwanawe lilikuwa limekatwa.

Mwanawe huyo mtaa mzima ulimwita Kasi. Kazi yake kusambaza mayai madukani, kwa kigari kidogo cha rangi ya majivu, trei zimepangwa nyuma hadi karibu na dari. Njia ya kwenda kwa wateja wake ilikuwa na mlima, na mlima huo ndio ulioanzisha yote. Gari likifika katikati linakohoa, wa nyuma wanapiga honi, na Kasi anarudi gia ya kwanza huku akiyaombea mayai.

Ndipo alipojitokeza rafiki yake mmoja aliyeitwa Profesa. Hakupewa jina hilo kwa kusoma. Alipewa kwa sababu neno "sijui" lilikuwa halijawahi kumtoka kinywani.

"Injini yako imebanwa pumzi," Profesa alimwambia. "Mabati yote hayo uliyoning'iniza chini ni ya kazi gani? Ulishaona gari la mashindano lina sailensa? Toa masega, toa sailensa, weka bomba moja nene lililonyooka. Litapaa hilo."

Masega ni kile kikopo kilicho karibu na injini, ndani kina vitundu vitundu kama sega la nyuki, na moshi ukipita humo unapunguzwa sumu. Kasi hakulijua hilo. Alichojua ni kwamba kikopo kinachukua nafasi. Wakakitoa, fundi wa kuchomelea mageti akaunga bomba nene, na gari likarudi nyumbani na mlio uliowafanya kuku wa jirani wapande juu ya paa.

"Mama, sikia hiyo!" Kasi alipaza sauti dirishani akipiga resi.

"Nimesikia, baba. Na waliozikwa wamesikia. Zima."

Kwenye tambarare liliruka kweli. Mlimani likawa bovu kuliko mwanzo. Wakati wa kuondoka lilikuwa legelege kama mtu aliyetoka kuugua; ukikanyaga mafuta linajibu kwa makelele, magurudumu yanafikiria kwanza. Kasi akarudi kwa Profesa na uso umekunjamana.

Profesa hakutikisika hata unyusi. "Ah, basi umepoteza presha ya nyuma. Injini inataka ibanwe kidogo, ndipo isukume. Hilo kila mtu analijua."

"Si wewe uliyesema imebanwa pumzi?"

"Ilikuwa imebanwa mno. Sasa imeachiwa mno. Kila kitu kwa kiasi, ndugu yangu."

Wakaenda tena kwa fundi wa mageti. Akakata sahani ya chuma, akaitoboa tundu dogo katikati, akaichomelea ndani ya mdomo wa bomba kama kizibo. Mlio ukawa mzito, wa chini, wa kutetemesha viti. Kama nguvu za mlimani zilirudi au hazikurudi, Kasi hakusema. Alisema tu kwamba sasa gari linanguruma kiutu uzima.

Na mtetemo huo wa kiutu uzima ndio uliomlaza mtoto.

Kasi alikuwa na binti mchanga ambaye hata jino alikuwa hajaota, na usingizi wa mchana alikuwa hautaki kuusikia. Bi Mashaka, kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, alimwita mke mwenza. "Huyu mke mwenzangu kaja kunikomoa," alisema. "Mume hajaninyang'anya, kaanza na usingizi." Walimpakata, wakamtembeza, wakamwimbia hadi sauti zikakauka, wapi. Kisha siku moja mkamwana wake, mke wa Kasi, aliketi na mtoto kiti cha nyuma wakimsubiri Kasi atoke, injini ikiwaka. Mtoto akapiga miayo, akanyamaza. Mkamwana akachungulia kama anaota. Kalala fofofo.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba. Wakishakula mchana, Kasi alirudisha gari kinyumenyume uani, katikati ya jiko na ukuta mrefu penye kivuli, akaliacha linawaka. Mkamwana akaingia nyuma na mtoto kifuani, akafunga milango kwa ndani watoto wa jirani wasije wakaifungua, na mara nyingi akasinzia yeye pia, kwa kuwa mama wa mtoto mchanga husinzia hata akiwa amesimama. Majirani wakalipa gari jina: Yaya.

"Yaya wenu ana adabu," alisema jirani wa ukutani. "Haombi likizo, hasengenyi, na chakula hali."

"Lakini mafuta anakunywa," akajibu Kasi. "Siku hizi anakunywa kama kapewa bure."

Aliyeshikilia kwamba vioo vifungwe hadi juu alikuwa Bi Mashaka mwenyewe. Aliogopea upepo kifuani mwa mtoto, akaogopea vumbi, akaogopea nzi. Alishona hata mapazia ya vioo vya nyuma, kitambaa kizito cha buluu kilichobaki kwenye sare za wahudumu, akayatia mpira pembeni yabane sawasawa.

Kwa hiyo habari ya mteja ilimkuta mapazia yameshafungwa.

Alianza kutazama. Mkamwana akitoka garini alishika kichwa na kuomba dawa ya maumivu. "Ni joto, mama," alisema. Mtoto akitoka garini alitapika maziwa na shingo haikusimama vizuri. "Ni meno yanakuja, mama." Siku Kasi alipopeleka mayai mbali na gari lisirudi mchana, mtoto alilia hadi jua linaelekea kuzama, nyumba nzima ikachoka, lakini hakutapika, na mkamwana hakuomba dawa. Joto lilikuwa lilelile. Meno, kama yapo, yalikuwa yaleyale.

Bi Mashaka akawangoja jioni.

"Kasi, baba, gari lako linaingiza moshi ndani."

"Nani kasema?"

"Mimi."

Kasi akafungua mlango wa gari. "Haya mama, ingiza pua. Vuta. Kuna moshi?"

Ndani palinuka limau. Kichupa cha manukato kilikuwa kinaning'inia kwenye kioo cha katikati, kikubwa kama cha kutilia dawa ya kikohozi.

"Nasikia limau."

"Basi Mungu mkubwa, tuko salama. Moshi una rangi, mama. Una harufu, unawasha macho. Ungekuwemo tungeuona."

"Na wale waliolazwa?"

"Wale wa kinyozi? Wenye jini?" Kasi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mama, wewe ukiambiwa kinu kimejifungua mtwangio, utauliza mtoto ana kilo ngapi."

Mkamwana naye akatabasamu, lakini kwa heshima. "Mama, usijitie homa. Mimi mwenyewe nalala mle. Kungekuwa na kitu si ningesikia?"

"Mtu aliyelala anasikia nini, mwanangu?"

Maji ya mtoto yalikuwa yanachemka jikoni, kila mtu akaenda na lake.

Kesho yake aliingia garini mwenyewe. Aliomba akalie kiti cha nyuma kwa muda, eti apime mapazia, na Kasi akamwashia Yaya aone raha yake. Alichukua sindano na uzi. Mwanzoni uzi ulipita tunduni vizuri. Baadaye tundu likaanza kumkwepa. Akaulamba uzi, akausokota, akajaribu tena, na mkono ukawa kama wa mtu mwingine. Kichwani kulikuwa na kitu kizito, si maumivu hasa, kama kilemba kilicholowa. Akafungua mlango akatoka, akasimama akiwa ameshika ukuta.

"Mama kalewa!" Kasi alitania.

"Sindano imekataa."

"Si sindano, ni macho. Miwani ile umri wake umezidi wangu."

Hapo Bi Mashaka alijua kwamba kwa maneno hashindi. Hakuwa na elimu ya kusema moshi gani unatoka wapi. Alikuwa na hofu tu, na hofu yake ilikuwa imeshazoeleka nyumbani kama mlio wa mlango. Hakuna aliyegeuka tena kuutazama. Basi siku iliyofuata, Kasi alipotoka asubuhi kwenye mayai akarudi na kuacha ufunguo mezani ili anawe mikono, aliuchukua. Akaufunga kwenye pindo la nguo yake, mafundo mawili, akasema anakwenda kununua zipu.

Alitembea polepole. Tangu mteja yule wa suruali aje, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kifua chake kushuka. Gari bila ufunguo ni bati tu, alijiambia. Leo Yaya amepumzika, na mke mwenzangu alie mpaka achoke.

Fundi wa mabomba alikuwa na banda lake barabara ya pili. Sailensa zilizooza zilirundikwa mlangoni kama viazi vikubwa vyenye kutu, na ukutani mabomba ya kila unene yalining'inia kwa waya. Fundi alikuwa mzee mfupi, masikio yake yamekufa nusu kwa miaka ya kusikiliza injini uchi, kwa hiyo aliongea kana kwamba mteja yuko ng'ambo ya mto. Alikuwa chini ya lori. Bi Mashaka akakalia tairi akasubiri zamu yake bila haraka, ufunguo ukimgusa paja.

"Haya mama!" fundi alitoka akijifuta grisi. "Bomba gani?"

Akamweleza. Bomba nene, masega yametolewa, sahani yenye tundu mwishoni. Fundi akaweka mkono sikioni, akamwambia arudie hapo pa sahani. Akarudia.

"Nani kafanya hivyo?"

"Fundi wa mageti."

"Basi angewatia na komeo!" Fundi akatema mate pembeni. "Sikiliza, mama. Watu wanasema injini inapenda kubanwa nyuma. Uongo. Injini haipendi kubanwa, kama wewe usivyopenda kuzibwa pua ukiwa unakimbia. Inachotaka ni moshi utoke mbio. Umewahi kuona watu wakitoka ukumbini? Mlango ukiwa wa kiasi wanatoka wamefuatana, wa mbele anamvuta wa nyuma, ukumbi unakwisha upesi. Ukiupanua mlango ukawa kama wa ghala, wanatoka wamezagaa, wanazubaa, hakuna anayemvuta mwenzake. Ndiyo maana mwanao gari lilimlegea mlimani. Bomba lilikuwa nene mno kwa injini ndogo."

"Na sahani?"

"Sahani ni mlinzi mnene umemsimamisha mlangoni. Sasa hata waliozubaa hawatoki. Wanarudi, wanasukumana. Injini inameza moshi wake yenyewe, inachemka, haina nguvu. Na kule nyuma wanakosukumana, mama, watu wakikosa mlango wanafanya nini?"

"Wanavunja dirisha."

"Wanavunja dirisha! Kila mahali palipoungwa vibaya moshi unatokea hapo. Na maungio ya fundi wa mageti yako wapi? Chini ya sakafu, chini ya makalio ya abiria. Na masega ndiyo yangepunguza sumu, mmeyatupa. Kuna hewa humo haina rangi, haina harufu. Pua haiijui. Inaingia mwilini inakaa mahali pa pumzi, mtu anasinzia tu. Anajiona amechoka." Fundi akamtazama. "Kuna mtu analalamika kichwa?"

Bi Mashaka alikuwa amefungua mdomo ajibu. Alikuwa amegeuza shingo.

Mlio ulikuwa unatoka upande wa nyumbani. Mzito, wa chini, wa kiutu uzima. Hakuna gari lingine mtaani lililonguruma hivyo. Akashika pindo la nguo yake: ufunguo upo, mafundo yote mawili yapo. Na gari lilikuwa linawaka.

"Nimeuliza, kuna mtu analalamika kichwa?" fundi alirudia kwa sauti. Yeye hakusikia kitu.

Bi Mashaka alisikiliza kama lingesogea. Likisogea, ni mayai yanakwenda, Kasi yuko peke yake, kioo kiko wazi. Halikusogea. Lilinguruma mahali pamoja, palepale, bila kupanda wala kushuka, kama kitu kinachobembeleza.

"Wamelala," akasema. "Fundi, wamelala mle ndani. Mtoto mchanga."

Fundi aliyasoma maneno hayo midomoni mwake. Akaokota spana ya magurudumu, wakatoka mbio.

Bi Mashaka hakuwa amekimbia tangu mwanawe huyo akiwa wa kubebwa. Viatu aliviacha njiani. Kila alipofika kona mlio uliongezeka, na alikuwa anautaka usizime, maana aliogopa kuufuata na kuukosa, na alikuwa anautaka uzime sekunde hiyohiyo. Aliita jina la mwanawe, sauti ikaliwa na mngurumo. Watu wakatoka milangoni wakidhani kuna mwizi.

Uani gari lilikuwa linatetemeka kivulini, mapazia ya buluu yamebana sawasawa kama alivyoyashona. Kasi alitokea nyuma ya nyumba, mikono imelowa, trei ya mayai mkononi, uso umechangamka.

"Mama! Ufunguo nimeutafuta mpaka chini ya godoro. Nikatumia bisibisi, likakubali palepale, kumbe hata ufunguo hauna..."

"Fungua!"

"Nini?"

"Fungua mlango, Kasi! Fungua!"

Kasi akavuta kitasa. Milango ilikuwa imefungwa kwa ndani. Akagonga kioo akimwita mkewe. Akagonga tena kwa kiganja. Pazia halikuinuka. Trei ikamponyoka, mayai yakasambaa miguuni, na hapo hapo sura yake ikawa ya mtoto mdogo.

Fundi hakugonga. Alipiga kioo cha mlango wa mbele kwa spana, akaingiza mkono akafungua, akachomoa bisibisi. Kasi akamvuta mkewe kwa makwapa. Kichwa chake kilining'inia nyuma, macho nusu wazi, akatamka kitu kuhusu sufuria, akatapika. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake vilevile. Bi Mashaka akamchukua. Alikuwa na joto. Midomo yake ilikuwa imeiva wekundu mzuri, wekundu wa afya, na hilo ndilo lililomtisha, kwa sababu mkono ulipoinuliwa ulianguka wenyewe.

"Mtoe hapa, peleka penye upepo!" fundi alipaza sauti. "Usimpe maziwa, usimpe maji. Hospitali. Hospitali sasa hivi!"

Upepo. Ule aliokuwa akimkinga nao. Bi Mashaka alitoka naye barabarani, kifua wazi kwa hewa, akimpulizia usoni, akimwita: mke mwenzangu, mke mwenzangu we, amka uninyang'anye mume, amka. Jirani wa ukutani alikuwa ameshatoa gari lake. Waliteremsha vioo vyote vinne na hakuna aliyesema mtoto atapigwa na baridi.

Hospitali waliwawekea wote wawili hewa ya mtungi. Barakoa ilikuwa kubwa kwa uso ule mdogo, muuguzi akawa anaishikilia kwa vidole.

"Amekuwa akilala kwenye gari tangu lini?" aliuliza muuguzi.

Kasi alitazama sakafu. "Kila siku," akasema. "Tulidhani anapenda."

Bi Mashaka alisimama miguuni pa kitanda, peku, matope hadi vifundoni. Alitazama kitu kimoja: kifua kilivyopanda, kilivyoshuka, kilivyokawia kupanda tena. Mkamwana, kwenye kitanda cha pili, alianza kuuliza mtoto yuko wapi, akaambiwa, akasahau, akauliza tena.

Kisha ile sura ndogo ikakunjamana ndani ya barakoa. Mguu ukapiga teke. Mtoto akalia, kwanza kama paka aliyebanwa, halafu kwa kifua chote, kilio cha mchana walichokuwa wanakikimbia nyumba nzima, na muuguzi akasema, "Mwacheni. Alie."

Walirudi nyumbani baada ya siku kadhaa. Fundi wa mabomba alikuwa ameliinua gari, akawaita waone. Aliwasha, akapaka povu la sabuni chini ya sakafu, na kwenye ungio la kati povu likachemka kama uji. Juu ya hapo kulikuwa na tundu la sakafu lisilo na raba yake ya kuzibia. Akainua zulia la ndani: doa jeusi lilikuwa limetandaa kama kiganja kilichofunguliwa, chini ya kiti cha nyuma hasa. Tena akawaonyesha kwamba ufa mwingine ulikuwa karibu na injini, unaingiza hewa ya nje na kukidanganya kihisi kinachonusa moshi, gari linadhani limepungukiwa, linajimiminia mafuta zaidi. Ndiyo sababu Yaya alikuwa anakunywa, na mafuta yakizidi sumu nayo huzidi. Profesa naye alikuwepo, amesimama nyuma ya wengine. Alikohoa.

"Mimi nilisema kila kitu kwa kiasi," alisema.

Kasi aliichukua ile sahani yenye tundu iliyokatwa kwenye mdomo wa bomba, akaitazama, akampa Profesa mkononi, akaingia ndani.

Bomba likarudishwa la unene wake, na sailensa, na masega. Gari sasa ni kimya, mlimani linapanda kwa gia ya pili, taratibu, kama lilivyotakiwa kupanda tangu siku ya kwanza kama lingesafishwa tu plagi na chujio la hewa. Mtoto hulia kila mchana, nao hupokezana kumbeba. Daktari aliwaambia waangalie kama atakaa kwa wakati wake, kama atatambaa kwa wakati wake, kama atafuata kitu kwa macho. Bi Mashaka hupitisha kibiringo cha uzi mbele ya uso wa mjukuu wake, kushoto, kulia. Macho hufuata. Baada ya muda hupitisha tena, kwa sababu ile mara ya kwanza huenda ilikuwa bahati.

Mwenye gari na mwenye mtoto, epuka haya:

Usikate bomba la moshi kwa kuwa mwenzako kakata lake. Gari likikosa nguvu, kwanza waonyeshe wanaojua injini.

Usitoe masega.

Usiweke bomba nene kuliko injini inavyohitaji ukidhani unene ndio nguvu.

Usizibe mdomo wa bomba kwa sahani, kopo wala tambara ili kurudisha presha. Hakuna presha inayorudi. Moshi ndio unaorudi.

Usimpe fundi wa mageti kazi ya chini ya gari.

Usiache tundu la sakafu bila raba yake.

Usikae ndani ya gari lililosimama linawaka, vioo vimefungwa. Hata likiwa uani usikae humo, wala likiwa karibu na ukuta.

Usiiamini pua yako, na usitundike manukato ukasema gari ni safi.

Kichwa kikikuuma garini na kikaacha ukishuka, usimeze dawa ukarudi ndani.

Usimlaze mtoto kwa injini. Mbebe.